Kituo cha kujifungulia nje ya hospitali: tuangalie nini kabla ya kuamua?

binti_kibada

Wakuu habari zenu. Wifi yangu ana mimba ya pili, wiki ya 31, anakaa Kigamboni ndani ndani. Mtoto wa kwanza alikuja kawaida miaka minne iliyopita, kilo 3.2, hakushonwa, hakutoka damu nyingi. Kliniki presha ni 110/70, wingi wa damu 11.8, kundi O chanya, kimo sm 161. Hospitali kubwa hataki. Anataka sehemu tulivu, mkunga mmoja awe naye mwanzo mpaka mwisho, dada yake aruhusiwe kuingia leba, na azae kwa mkao anaoutaka mwenyewe.

Tuna sehemu tatu. Zahanati ya serikali, dakika 10 kwa bajaji. Nyumba ya uzazi ya binafsi, ina mkunga mstaafu na wasaidizi wawili, dakika 20. Halafu kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, dakika 40 barabara ikiwa nzuri.

"Nendeni hospitali" tumeshaambiwa na kila mtu. Ninachotaka kujua: tukifika pale kukagua tuangalie nini, tuulize nini, na jibu lipi litutie wasiwasi?

---

mkunga_wa_zamu

Dada, umekuja na vipimo, hapo umeturahisishia kazi. Kwa namba hizo wifi yako anaweza kuzalia nje ya hospitali, mpaka sasa. Nasema mpaka sasa kwa sababu sifa hiyo inaangaliwa upya kila hudhurio, na mara ya mwisho anapoingia mlangoni na uchungu. Vinavyomwondoa ni kovu la upasuaji, mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio au aliyelala kingamo mwishoni mwa mimba, presha kufika 140/90, protini kwenye mkojo, damu kutoka ukeni, kisukari, upungufu mkubwa wa damu, uchungu kabla ya wiki 37, mimba ya tano na kuendelea, au historia ya kutoka damu nyingi au kuzaa mtoto mfu. Nyingi kati ya hizo zimechapwa kwenye kadi yake ya kliniki. Nesi akitia alama ya vema hapo, msije mkaifuta kwa mdomo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkunga wa kituo chochote liwe: "Ni mama gani hamumpokei?" Mwenye utaratibu ataitaja orodha bila kukuna kichwa. Akisema "sisi tunapokea wote, Mungu yupo", Mungu yupo kweli, ila nyie tafuteni kwingine.

Leseni ni mbili, msizichanganye. Kuna leseni ya mtu, inayotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na ina tarehe ya kuisha. Na kuna usajili wa kituo. Ustaafu haumwondolei mkunga ujuzi, lakini kama leseni imelala, hapo hamna mkunga kisheria. Hao wasaidizi wawili nao muulize wamesomea nini. Kama ni wahudumu tu, basi usiku mkunga huyo akiwa na kina mama wawili wenye uchungu kwa pamoja, mmoja wao hana mkunga.

Sasa ingieni leba yenyewe. Mwombe afungue friji. Sindano ya oksitosini, uniti 10, inachomwa pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka ili mfuko wa uzazi ujikaze, na dawa hiyo inataka nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Dar, boksi likikaa kwenye trei dirishani, dawa inapoteza nguvu na kichupa kinabaki na sura ileile. Kwa macho hutajua. Angalia kama kipimajoto kipo ndani, kama kuna karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni, na kama karatasi hiyo imeandikwa kweli au imejazwa kalamu moja siku moja mwezi mzima. Friji ikiwa na soda na samaki, ina maana inafunguliwa mara hamsini kwa siku. Uliza pia umeme ukikatika wanafanyaje, na akiba yao ni nini. Kuna kabetosini inayostahimili joto, mikrogramu 100, na kuna vidonge vya misoprostoli, mikrogramu 600 za kumeza. Vyote havitegemei friji. Kituo chenye akiba ya namna hiyo kimefikiria.

Cha pili ni mfuko wa kupumulisha mtoto. Uwe juu ya meza ya mtoto, umeunganishwa tayari, usiwe kabatini kwenye kufuli ambalo funguo ameondoka nayo mtu wa zamu ya mchana. Vinyago viwe saizi 0 na 1. Mwambie akubandikie kinyago kwenye kiganja, akibane vizuri, aminye mfuko. Kiganja kinatakiwa kisikie hewa ikisukuma na mkono wake usikie ukinzani. Mfuko ukinywea kirahisi kama puto lililotoboka, vali imepotea au imerudishwa kinyume baada ya kuoshwa, kosa la kawaida sana kwa sababu vile vipande ni vidogo na huloweshwa pamoja na vifaa vingine. Mtoto asiyelia anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na kama bado hajapumua, hewa ya mfuko iingie kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ndiyo maana ukutani panatakiwa saa yenye mshale wa sekunde, na chumbani watu wawili wenye ujuzi, mmoja wa mama na mmoja wa mtoto.

Mkao anaoutaka, dada yake kuingia, utulivu, hayo yote ni haki yake na yanasaidia uchungu kwenda vizuri. Ulizeni. Lakini ulizeni baada ya friji.

---

nesi_mstaarabu

Naongezea hapo kwa mkunga_wa_zamu upande wa damu, maana huko ndiko mama wanapotupotea.

Kutoka damu kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua tayari ni tatizo, nusu lita tu. Sasa jiulize wanapimaje. Sehemu nyingi mama anatandikiwa kanga zake mwenyewe, na kanga nyekundu au nyeusi inameza damu huoni kitu. Zikilowa tatu, zikakunjwa na kutupwa kwenye beseni, mtu anaandika "damu kawaida". Kukadiria kwa macho mara nyingi hutoa namba ndogo kuliko ukweli. Kinachotakiwa ni mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya makalio, wenye mistari ya mililita. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yakatoka 2023, ulionyesha kwamba kupima kwa mfuko huo na kutoa tiba zote kwa mpigo badala ya mojamoja kulipunguza utokaji mkubwa wa damu na madhara yake kwa asilimia 60. Tiba zenyewe hazina uchawi: kusugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini, asidi traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 ya mshipa taratibu kwa dakika 10, dripu, na kuchunguza njia ya uzazi na kondo la nyuma. Traneksamiki ina maana ikiingia ndani ya saa 3 tangu kujifungua.

Kama kituo hakina mfuko huo, trei pana ya chuma na jagi la kupimia si mbaya. Wifi yako afungashe kanga zake, lakini ziwe za kujifunika na za mtoto. Ya kutandika iwe nyeupe au rangi ya kufifia.

Na uliza kondo la nyuma lisipotoka ndani ya dakika 30 wanafanya nini. Mkunga aliyefunzwa analitoa kwa mkono akiwa na glavu ndefu, dawa ya maumivu na antibayotiki, au anamkimbiza mama akiwa na dripu. Anayejibu "tunavuta kamba ya kitovu mpaka litoke" huyo atageuza mfuko wa uzazi nje ndani.

---

mzee_wa_ruti

Mie nazungumzia njia tu. Dakika 10, 20, 40 ulizoandika ni za mchana kwa bajaji. Zihesabu upya saa 2 usiku mvua ikinyesha, kutoka KITUONI kwenda hospitali yenye upasuaji. Toka nyumbani kwenda kituoni si hesabu kubwa, mkiondoka mapema. Huo mguu wa pili ndio wenye kuua. Kivuko usikiweke kwenye hesabu ya usiku, hesabu kwa daraja.

Namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa uzazi hapa Tanzania, ni 115, bure, mtandao wowote. Ni kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na vichanga. Anayepokea anauliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, analipwa na mfumo, si na mama. Kwenye hizo sehemu tatu uliza: mmeshapiga 115 kutoka hapa? Gari lilichukua dakika ngapi mpaka kufika? Sehemu ya binafsi wakikwambia wana gari lao, tazama kama lina mafuta na dereva analala wapi.

---

dk_zahanati

Hapo sasa ndipo penye moyo wa jambo. Chagueni kituo kwa jinsi kinavyomtoa mama akikwama. Mapazia yaje baadaye.

Namba ya kushika: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2011, wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari, ulionyesha waliopanga kuzalia kwenye vituo vya wakunga vinavyojitegemea, mimba ya kwanza takriban 36 kwa kila 100 walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au mara tu baada ya kuzaa. Waliowahi kuzaa, 9 kwa 100. Wengi wao hawakuwa wanakufa. Uchungu ulikwama, au walihitaji dawa ya maumivu, au kushonwa kwa mtaalamu. Kwa hiyo mimba ya pili inambeba wifi yako. Angekuwa na mimba ya kwanza ningewaambia waende moja kwa moja palipo na upasuaji. Lakini 9 wale wa Uingereza wanahamishwa na ambulensi yenye wahudumu, kwenda hospitali iliyoshapigiwa simu. Nyie mjenge hiyo njia wenyewe kabla ya siku.

Mwambieni mkunga awasimulie uhamisho mmoja hatua kwa hatua, kana kwamba unatokea sasa hivi. Msikilize kama haya yamo: anapiga simu hospitali inayopokea KABLA gari halijaondoka na kutaja jina la aliyepokea, anaandika barua ya rufaa yenye saa ya kila dawa, mama anawekewa sindano ya mshipa saizi 16 au 18, mbili kama anatoka damu, analazwa kwa ubavu wa kushoto kama bado hajazaa, na mkunga anapanda gari pamoja naye, na mfuko wa kupumulisha na kifurushi cha kuzalishia mkononi, maana watoto huzaliwa njiani. Kituo cha mkunga mmoja kikimsindikiza mama, nani anabaki na wengine? Wengi hapo hunyamaza.

Kifafa cha mimba ni kipimo kingine. Mama mwenye degedege au presha 160/110 na kichwa kinachouma haondoki bila dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti: gramu 4 mshipani taratibu na gramu 10 za makalio, 5 kila upande. Hata zahanati inatakiwa kuwa nayo. Muulize mkunga akuonyeshe ilipo na tarehe ya kuisha.

Na hicho kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, msikiamini kwa jengo. Chumba cha upasuaji si upasuaji. Upasuaji ni mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi, damu kwenye friji, umeme au jenereta, na wote wawepo Jumapili saa 9 usiku. Uliza hivi: "Mara ya mwisho mmepasua usiku ilikuwa lini?" Wakikwambia mtoa usingizi yupo masomoni, kwa upande wa dharura kituo hicho ni zahanati yenye vigae. Uliza pia damu ya kundi O wanayo chupa ngapi leo. Wifi yako ni O chanya, yeye hapokei kundi jingine. Tafuteni ndugu wawili wa O wawe tayari kuchangia.

---

binti_kibada

Asanteni sana, nimeandika yote. Jana tulipita nyumba ya uzazi. Friji ipo ya dawa tu, karatasi imejazwa, mfuko wa mtoto akatuminyia mwenyewe bila kuombwa. Leseni ipo ukutani, ya mwaka huu. Nilipouliza uchungu ukichelewa wanafanyaje akasema "tunaweka dripu ya kuongeza uchungu, hatumwachi mama ateseke". Wifi kafurahi. Hiyo ni alama nzuri, sivyo?

---

mkunga_wa_zamu

Hapana dada. Hiyo ni alama mbaya kuliko zote ulizotaja, na inafuta mazuri ya friji.

Oksitosini ileile inayookoa mama BAADA ya mtoto kutoka, ikiingia KABLA inaweza kumuua pale pasipo na upasuaji. Mfuko wa uzazi unabana mfululizo, mtoto anakosa hewa kwa sababu kondo halipati damu kati ya uchungu na uchungu. Kama mtoto amekwama, mfuko unasukuma ukuta mpaka unachanika. Mfuko uliochanika tiba yake ni kisu, ndani ya dakika chache. Kuongeza uchungu kunahitaji mapigo ya mtoto kusikilizwa mfululizo au karibu na hapo, matone ya dripu kuhesabiwa na kupandishwa kwa kipimo, na chumba cha upasuaji upande wa pili wa ukuta. Vidonge vya misoprostoli kuwekwa ukeni ili "kuharakisha" ni hatari hiyohiyo, tena kibaya zaidi kwa sababu kidonge kikishayeyuka hukitoi. Na sindano ya oksitosini ya msuli kabla ya mtoto kutoka haina kisingizio chochote, popote.

Rudini mkamwulize kwa adabu, huenda alikuwa na maana nyingine, labda anamaanisha dripu ya maji kwa mama aliyechoka. Swali liwe wazi: "Mlango wa uzazi umefunguka sentimita 6 na umesimama hapo saa nyingi, mtoto hashuki. Unafanya nini?" Jibu mnalotafuta: atembee, abadilishe mkao, akojoe (kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka, watu husahau), anywe, aangaliwe tena, na grafu ya maendeleo ya uchungu ikionyesha amesimama, rufaa mapema angali na nguvu. Mwambieni awaonyeshe grafu ya uchungu ya mama aliyepita, jina likiwa limefunikwa. Mapigo ya mtoto yawe yameandikwa kila nusu saa au chini ya hapo, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Kawaida ni 110 mpaka 160. Grafu safi sana, dots zote zimepangika na wino mmoja, imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa.

Na mkiwa hapo ulizeni kama wanasukuma tumbo kwa mikono au kiwiko kumsaidia mama. Jibu likiwa ndiyo, mchezo umeisha.

---

shangazi_kilifi

Hamjambo wote. Kwa wanaosoma kutoka huku Kenya: hayo ya friji na dripu ni yaleyale, tofauti ni karatasi. Kituo kinapewa leseni na baraza la madaktari, KMPDC, na mkunga yuko chini ya Baraza la Wauguzi. Zote zinaonyeshwa ukutani, na zote zina mwaka. Angalia leseni ya kituo imeandikwa kiwango gani. Kiwango cha 2 ni zahanati na kliniki. Kiwango cha 3 ndicho kituo cha afya chenye wodi ya uzazi. Utakuta kliniki ya kiwango cha 2 mtaani imebandika "Maternity" kwa rangi kubwa.

Malipo: tangu 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF. Msijisajili uchungu ukianza. Mjisajili mapema, mlipe, na muulize kituo kina mkataba na SHA sasa hivi, si kibango cha zamani cha NHIF. Muulize pia, mama akihamishwa katikati ya uchungu, pesa alizolipa taslimu zinarudi kiasi gani. Hilo liandikwe.

---

binti_kibada

Tumerudi tukamwuliza. Dripu alimaanisha hiyohiyo ya uchungu. Kwa hiyo tumebaki na zahanati au kituo cha afya. Kituo cha afya wanasema wamepasua usiku wiki hii, wana damu, na ndugu mmoja anaruhusiwa leba mchana na usiku. Swali la mwisho: baada ya kuzaa akae saa ngapi? Zahanati walisema saa 6 akijisikia vizuri aende.

---

nesi_mstaarabu

Saa 24, wifi yako asikubali pungufu, kwa mama na mtoto wote wawili. Saa 2 za mwanzo mtu aje kila dakika 15 na kuweka mkono tumboni: mfuko wa uzazi uwe mgumu kama chungwa chini ya kitovu. Ukiwa laini usuguliwe hapohapo. Presha na mapigo yaandikwe. Awe amekojoa ndani ya saa 6.

Mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, asioshwe kabla ya saa 24. Kitovu kifungwe kati ya dakika 1 na 3, si papo hapo. Sindano ya vitamini K miligramu 1, dawa ya macho, BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio kabla ya kuondoka; kituo cha afya uliza siku za BCG, kichupa kimoja kina dozi nyingi na wengine husubiri watoto wajae, kwa hiyo unaweza kuambiwa urudi Jumatano.

Mkitoka mpewe tarehe ya hudhurio la siku ya 3, imeandikwa kwenye kadi.

---

mzee_wa_ruti

Na hizo dakika 40 za kituo cha afya, mimba ya pili msisubiri mpaka uchungu ukolee. Ukianza kuja kwa mpangilio, bajaji iwe imeshawashwa. Dereva mpeni namba mbili za simu, na yeye awape ya mwenzake.